Tundu la nusu milimita

"Nipe dakika mbili tu, nakumalizia."

Tulikuwa nje ya ukumbi wa harusi hapa Lowell, Massachusetts, usiku wa Novemba, injini ikinguruma ili tupate joto. Rafiki yangu, Mkenya mwenzangu aliyenitangulia kuja huku, alikuwa ameinama chini ya usukani akichomeka skana yake ndogo, kile kifaa cha kusomea kompyuta ya gari. Kwenye simu yake ukatokea msimbo ambao kufikia hapo niliujua kwa moyo: P0456. Uvujaji mdogo katika mfumo wa mvuke wa mafuta. Chini yake palikuwa na kitufe cha kufutia.

"Nafuta, taa inazima. Wewe endesha siku kadhaa, yale majaribio mengine yakamilike, hili moja libaki hivyo hivyo. Moja wanakubali. Unapewa stika yako, unasahau."

Nikamshika mkono.

Sikuwa na sababu ya kumpa. Nilimwambia tu angoje, akanitazama, akachomoa skana yake, tukaingia ndani kula pilau. Lakini swali lilinifuata wiki zote zilizofuata, na ndilo lililonifanya niandike haya: kwa nini nilimzuia?

## Njia iliyo halali

Kila kitu alichosema kilikuwa kweli. Hapa gari hukaguliwa kila mwaka. Taa ya injini ikiwa inawaka, gari limeanguka, hata kama linakwenda vizuri kabisa. Linabandikwa stika yenye herufi R nyeusi na mwenyewe anapewa siku 60 alitengeneze. Mkaguzi huiuliza pia kompyuta ya gari kama imemaliza majaribio yake ya ndani, kwa maana anayefuta msimbo hufuta na matokeo ya majaribio hayo. Kwa magari ya kuanzia 2001, jaribio moja ambalo halijakamilika huvumiliwa.

Jaribio la mvuke ndilo hukawia kuliko yote, na wakati wa baridi linaweza kukaa wiki nyingi bila kufanyika. Ndiyo maana kanuni inalivumilia. Mtu aliyebadilisha betri Januari, jambo ambalo nalo hufuta matokeo, asinyimwe stika kwa sababu ya hali ya hewa.

Kwa hiyo rafiki yangu hakuwa ananifundisha kughushi. Alinionyesha mlango uliowekwa kwa ajili ya watu wenye udhuru, ambao hata asiye na udhuru hupita na hakuna wa kumuuliza.

Na gari lenyewe halikunidai kitu. Nikiliendesha kwenda kazini lilikuwa lile lile: nguvu ile ile, mafuta yale yale, kimya kile kile. Ingekuwa breki, ningekuwa na haraka. Ingekuwa radieta, ningeogopa. Hii ilikuwa hitilafu ambayo madhara yake yote hutoka nje ya gari na kwenda kwa watu wengine.

Hapo ndipo nilipokwama. Nani hasa anadhurika na tundu la nusu milimita?

## Gari lililozimwa

Sisi tuliokulia Mombasa tunaijua harufu ya petroli tangu utotoni: kwenye vituo, kwenye gereji, kwenye chupa za lita moja wanazouziwa watu wa bodaboda kando ya barabara. Uchafuzi kwetu ni moshi. Ni lori linalopanda kilima cha Mazeras likiacha wingu jeusi nyuma yake. Gari lililoegeshwa, limezimwa, funguo ziko mfukoni, hilo hatulihesabu.

Nilianza kusoma usiku, watoto wakishalala, na nikamkuta Arie Haagen-Smit. Alikuwa mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Caltech, kule Pasadena, na kabla ya kuingia katika habari ya magari alikuwa akichunguza kinachoyapa mananasi harufu yake. Wakati huo Los Angeles ilikuwa ikifunikwa na ukungu wa kahawia uliowasha macho na kuharibu mboga mashambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Haagen-Smit alionyesha ukungu ule ulivyoundwa: mvuke wa petroli na gesi za naitrojeni kutoka katika injini na viwanda hukutana hewani, jua linazipiga, na ozoni inazaliwa. Ozoni ya juu angani hutukinga. Ya huku chini huchoma mapafu.

Mvuke huo hauhitaji injini iwake. Jua la mchana linapasha tangi, petroli inageuka hewa, na hewa hiyo inatafuta pa kutokea. Zamani ilipewa njia: kifuniko cha tangi kilikuwa na tundu, na kabureta nayo ilipumua wazi. California ikaamuru magari ya 1970 yaunase mvuke huo, na mwaka uliofuata amri ikawa ya Marekani nzima.

Chombo kilichobuniwa ni cha ajabu kwa urahisi wake. Ni kopo la plastiki lililojaa mkaa. Mkaa wenyewe umechakatwa ukawa na vijitundu visivyohesabika, na mvuke ukipita humo unanasa. Injini ikishapata moto, vali moja hufunguka, injini inafyonza hewa kupitia kwenye mkaa, mvuke unang'olewa na kuchomwa pamoja na mafuta mengine. Kopo hilo mafundi wanaliita kanista. Vali ile, katika makala hii, nitaiita vali ya kufyonzea. Kuna na tundu la kuingizia hewa safi upande wa pili, lenye vali yake au pampu yake. Kwa ufupi mfumo wote ni huo: tangi, mipira, kopo la mkaa, milango miwili.

Na kompyuta inaulinda. Magari mengine hujipima injini ikiwa inawaka. Langu ni la aina inayojipima peke yake usiku: saa tano hivi baada ya kuzimwa, pampu ndogo karibu na kanista inaamka, inavuta hewa kutoka kwenye tangi, na kulinganisha mvuto inaoupata na ule wa kitundu cha kipimo kilichojengwa ndani yake. Kitundu hicho kina upana wa nusu milimita, jembamba kuliko sindano ya kushonea. Mfumo ukivuja kwa kiasi hicho au zaidi, msimbo unaandikwa.

Nilipoelewa hivyo, jambo moja lilinigeuza. Kuna watu walioketi wakakubaliana kwamba tundu lisiloonekana kwa macho, katika gari lililolala, ni jambo la kumwamsha mwenye gari. Waliniona mimi na jirani yangu ninayeegesha gari chini ya dirisha la chumba cha watoto wake. Nikifuta ule msimbo, naufuta mpango wao wote, na jirani hatajua.

Hiyo ndiyo sababu ambayo sikuwa nayo usiku wa harusi.

## Kifuniko, halafu nini?

Kuitafuta hitilafu yenyewe ni habari nyingine.

Kila mtu hukuambia uanze na kifuniko cha tangi, na ni ushauri mzuri. Kifuniko ndicho sehemu pekee ya mfumo ambayo mikono ya watu huigusa kila wiki. Mpira wake hukauka, hupasuka, au hubanwa na kikamba chake mwenyewe. Gereji moja niliyopita kwanza ilinibadilishia kifuniko, ikafuta msimbo, ikanitakia safari njema. Taa ikarudi baada ya siku chache.

Niliporudi nayo walisema sasa ni kanista. Wakaniandikia bei, mamia ya dola.

Nikauliza wamejuaje. Wakasema msimbo ndio unaosema hivyo.

Msimbo hausemi hivyo. P0456 inasema kuna mahali panapovuja kidogo kati ya mdomo wa tangi na injini. Haitaji sehemu yoyote. Mtu anayeng'oa kanista kwa sababu ya namba hiyo anaanza na sehemu ya bei kubwa kuliko zote, na tena iliyojificha kuliko zote, bila kuwa amepima chochote. Nina uhakika watu wengi wanalipa bei hizo, taa inarudi, na ndipo wanapokata tamaa na kuanza kutafuta mtu mwenye skana nje ya ukumbi wa harusi. Simlaumu hata mmoja wao.

Nilishukuru, nikaondoka.

## Kutu

Kuna fundi mmoja Mkenya hapa mjini mwenye gereji ndogo ya milango miwili. Ni mtu wa kusema kidogo. Alilipandisha gari juu, akaangaza tochi, na moja kwa moja akanionyesha shingo ya tangi, lile bomba linalotoka kwenye kifuniko kushuka chini. Lilikuwa limeshikwa na kutu, magamba ya kahawia yakibanduka ukiyagusa.

Anayeishi huku anajua chumvi inavyomwagwa barabarani wakati wa theluji na inavyokula vyuma vya gari kutoka chini. Shingo ya tangi ni mahali pa kawaida kabisa pa kuvuja katika majimbo haya. Magari yenye msimbo kama wangu, alisema, mengi anayabadilisha bomba hilo na kesi inaisha.

Nilikuwa tayari kusema "agiza." Kila dalili ilikuwa pale mbele yetu.

Yeye ndiye aliyesita. "Tupige moshi kwanza."

## Moshi unaokataa kuonekana

Mashine ya moshi hugeuza mafuta mepesi kuwa moshi mweupe mzito na kuusukuma ndani ya mfumo kwa mgandamizo mdogo sana. Udogo huo ni wa lazima. Mtu asijaribu kamwe kutumia kompresa ya kujazia upepo wa tairi. Plastiki hazikuumbwa kwa nguvu hiyo, na kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya tangi lenye mvuke wa petroli ni kucheza na roho za watu.

Fundi aliifunga njia ya kupumulia, lile tundu la hewa safi, kwa kuiamuru kupitia skana, akaunganisha mpira wa mashine kwenye mdomo wa tangi, tukangoja. Mashine hiyo ina kioo chenye kipira kidogo: mfumo ukiwa umefungika vizuri, ukishajaa, kipira kinatulia chini. Chetu kilibaki kinaelea.

Maana yake kulikuwa na mahali panapovuja, na palikuwa panavuja wakati ule ule tukitazama.

Lakini moshi hatukuuona. Shingo yenye kutu ilikuwa kavu. Juu ya tangi, kwenye pampu ya mafuta, hakuna. Kwenye kanista, hakuna. Kwenye mipira yote aliyoweza kuifikia kwa tochi, hakuna. Aliipitisha taa polepole, akairudia, akaizima, akakaa juu ya ndoo akafikiri.

Alitazama hata tundu la kupumulia kama kuna utando wa buibui, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Mwaka 2011 Mazda iliyaita magari yake aina ya Mazda6 kiasi cha 65,000 katika Amerika ya Kaskazini kwa sababu buibui wa manjano walikuwa wakisuka viota ndani ya mpira wa kupumulia wa mfumo huu; mwaka 2014 ikayaita tena mengine 42,000. Inaelezwa kwamba harufu ya petroli huwavutia. Mombasa kazi hiyo ingefanywa na nyigu na udongo wao.

Langu lilikuwa safi.

Nilitoka nje nimpigie mke wangu simu nimwambie nitachelewa. Nikamweleza tulipofika: kuna tundu, na moshi hautoki popote.

Akasema, "Mmeangalia kwa nini linagoma kuwaka likitoka kujazwa?"

## Anayejaza mafuta ndiye anayejua

Yeye ndiye anayejaza gari. Ratiba zetu ziko hivyo: kituo kiko katika njia yake akitoka zamu ya usiku hospitalini, anajaza tangi lote, mimi nalichukua likiwa limejaa. Na likitoka kujazwa, alisema, lazima ulipige stata kwa muda, ulikanyage kidogo, litetemeke, ndipo litulie. Likishatembea ni zima. Alidhani ni baridi.

Nililirudisha neno hilo kwa fundi kama lilivyo. Akainuka kwenye ndoo.

Hebu fikiria mafuta yanapoingia. Lita 40 za petroli zikishuka ndani ya tangi, mvuke uliokuwa umekaa humo unasukumwa nje, na njia yake ni kwenye kanista. Mkaa unanasa. Mwisho wa njia hiyo, upande wa injini, ile vali ya kufyonzea inatakiwa iwe imefunga kabisa. Katika magari mengi hukaa imefunga hadi kompyuta iipe umeme. Sasa ikiwa haifungi sawasawa, mvuke unapita moja kwa moja hadi kwenye njia ya hewa ya injini na kutulia humo. Ukipiga stata, injini inakutana na petroli nyingi kuliko hewa. Inakataa.

Na kama mvuke unaweza kupita hapo, moshi pia unaweza.

Hatukuwa tumeona moshi kwa sababu tulikuwa tunautafuta nje ya gari, na wenyewe ulikuwa unaingia ndani ya injini.

Fundi alifungua klipu za boksi la ea klina, akatoa filta, akaufungua kwa kidole mlango wa throto, ule unaoingiza hewa kwenye injini. Tukasubiri. Moshi mweupe ukaanza kupanda kutoka kooni mwa injini, mwembamba, bila haraka.

Hatukusema kitu kwa muda.

Baadaye, mashine ikiwa imetolewa na kila kitu kimerudishwa, alinionyesha kipimo ambacho mtu anaweza kukifanya nyumbani bila mashine yoyote. Injini ikiwa ya baridi, iwashe, iache ingurume polepole bila kukanyagwa. Chomoa mpira unaotoka kwenye kanista pale unapoingia kwenye vali ya kufyonzea, uweke kidole kwenye mdomo wa vali. Katika gari zima hutasikia kitu, kwa sababu injini ya baridi haijaanza kufyonza mvuke. Kwangu kidole kilishikwa. Mvuto haukuwa mkubwa, ila ulikuwepo bila kukatika. Fanya hivyo nje penye upepo, mbali na sigara na jiko, na usijaribu kupuliza mpira huo kwa mdomo. Petroli ina benzini, na benzini husababisha saratani.

## Karatasi nyeupe

Vali ilitoka kwa spana namba kumi na soketi moja ya umeme. Bei ya mpya haikufika hata robo ya ile ya kanista niliyoandikiwa.

Lakini fundi hakuifunga mpya mara moja, na hapa ndipo nilipojua niko mikononi mwa mtu. Aliichukua ile ya zamani akaigongagonga juu ya karatasi nyeupe.

Alikuwa anatafuta punje za mkaa.

Kanista ikipasuka ndani, mkaa humeguka, punje zinasafiri kwenye mpira hadi kwenye vali, zinakaa kwenye mlango wake na kuuzuia usifunge. Ukifunga vali mpya juu ya kanista inayotapika mkaa, umenunua miezi michache tu. Kwa hiyo swali la kanista lilikuwa bado liko hai, na wale wa gereji ya kwanza wangeweza kutokea kuwa na haki kwa bahati.

Kinachoiua kanista mara nyingi ni kujaza kupita kiasi. Pampu ikikata yenyewe, tangi limefika. Ukiendelea kuongeza, petroli yenyewe, sio mvuke wake, huweza kuingia kwenye mkaa na kuulowesha. Nakumbuka vituo vya nyumbani: pampu inakata, mhudumu anakwambia "tufunge hesabu," anaongeza kidogo, anaongeza tena, mpaka shilingi zitimie mia. Ni ukarimu wa kazi yake, hataki kukuhangaisha na chenji. Mkaa ndio unaolipa.

Karatasi ilibaki nyeupe, ila kwa tone moja la uchafu wa rangi ya asali. Gundi ya petroli ya miaka mingi ilikuwa imeganda kwenye mlango wa vali. Kanista ilikuwa nzima.

Shingo yenye kutu bado iko kwenye gari langu. Iko siku itatoboka. Siku hiyo moshi utatuonyesha, nami nitainunua.

## Ami

Nilimtumia ami yangu ujumbe wa sauti Mombasa. Amekuwa fundi tangu enzi za kabureta na ndiye aliyenifundisha kushika spana, kwa hiyo hakuna gari langu linaloguswa bila yeye kusikia.

Jibu lake lilikuja alfajiri. "Mwanangu, hilo kopo sisi huku twalitoa. Twachomoa mpira, twaziba kwa bolti, gari laenda. Halina kazi."

Niliusikiliza mara nyingi. Ami si mtu wa mchezo mchezo. Akisema jambo halina kazi, ana maana kwamba hajaona mteja akirudi kulalamika, na kwa kipimo cha gereji hicho ni kipimo cha haki. Magari yanayofika kwake yametoka Japani yakiwa yametumika, mengi hayana ile pampu ya kujipima usiku, na hakuna mkaguzi atakayeiuliza kompyuta chochote kuhusu mvuke. Ukiziba kwa bolti, hakuna taa inayowaka.

Lakini jua liko wapi zaidi, Lowell au Mombasa? Ninaegesha gari kwenye theluji miezi minne na sheria inanifuatilia kwa tundu la nusu milimita. Ami anafanya kazi kwenye uwanja ambao saa nane mchana huwezi kushika boneti kwa mkono mtupu, magari yamepangwa yakigusana, vijana wake wanapikia chai pale pale, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hukaa chini, karibu na jiko. Lile kopo la mkaa lina kazi kubwa zaidi kwake kuliko kwangu. Hakuna mahali duniani ninapopenda liwepo kuliko kwenye uwanja ule, kwa ajili ya mapafu yake na ya wale vijana.

Kumwambia hivyo kulinichukua siku kadhaa. Mtoto hamfundishi ami yake kazi. Mwishowe sikumwambia lolote kuhusu hewa; nilimweleza habari ya gari linalogoma kuwaka likitoka kujazwa, na kidole kwenye mdomo wa vali.

Akakaa kimya siku mbili. Kisha akauliza, "Na lisiposhika kidole?"

Nikamwambia basi vali ni nzima, aurudishe mpira mahali pake.

## Kungoja usiku wa joto

Vali mpya ilifungwa, msimbo ukafutwa, na safari hii kwa haki. Kipira cha mashine kilishuka kikatulia. Kuwaka baada ya kujazwa kukawa kwa mara moja. Mke wangu alinipigia simu kutoka kituoni kunijulisha, na naikumbuka furaha ya sauti yake.

Ila kompyuta ilikuwa bado haijasema.

Jaribio la usiku lina masharti. Tangi lisijae kabisa wala lisikaribie kwisha. Gari litembee vya kutosha kisha likae. Na hewa isiwe baridi sana. Chini ya digrii 4 au 5 haijipimi, kwa sababu petroli ya baridi hutoa majibu ya uongo. Desemba ya Massachusetts haina usiku mwingi wa namna hiyo. Majaribio mengine yote yalikamilika mapema. Lile la mvuke likabaki linasomeka "bado."

Siku 60 nilizopewa zilikuwa zinakwenda. Nikapeleka gari kukaguliwa likiwa na jaribio moja ambalo halijakamilika, wakalikubali, nikapewa stika.

Nimepita kwenye mlango ule ule alionionyesha rafiki yangu.

Nilipotoka pale nilihisi uzito ambao sikuutegemea, kwa maana kioo changu sasa kilikuwa na stika ile ile ambayo ningeipata bila kutengeneza chochote. Mkaguzi hawezi kututofautisha. Stika haiwezi. Nilitaka kitu kimoja tu kituthibitishie, na kitu hicho ni ile pampu ndogo chini ya gari, inayofanya kazi yake watu wamelala.

Niliendelea kulichomeka skana kila asubuhi kabla ya kazi. Bado. Bado. Krismasi ikapita. Halafu katikati ya Januari yakaja yale mayeyuko ya siku mbili tatu ambayo huja huku kila majira ya baridi, theluji ikageuka matope, hewa ya jioni ikapanda hadi digrii 9. Tangi lilikuwa nusu. Nililiegesha saa mbili usiku, na saa saba kasoro nikashuka na koti juu ya nguo za kulalia, nikasimama karibu na gurudumu la nyuma.

Ilianza saa saba na dakika chache. Mngurumo mdogo, kisha mabadiliko ya sauti vali ilipofunga, kisha mngurumo tena. Ikachukua dakika kadhaa ikanyamaza. Asubuhi skana ilisoma "tayari," na hakukuwa na msimbo wowote, hata ule unaosubiri kuthibitishwa.

Nilimtumia ami picha ya kioo cha skana. Hakusema kitu kuhusu picha. Aliniambia kwamba Probox mbili alizozipima vali zake zilikuwa nzima na amezirudishia mipira, ya tatu ilishika kidole, na mpira wa kifuniko cha tangi wa gari hilo umekatika. Akauliza huku unauzwaje. Nimemwambia nitamletea dazeni nzima nikija Agosti.